Viazi kilo shilingi sita: shajara ya kupitia rekodi 38,400 za bei

Jumatatu, 2 Juni

Baridi ya Mbeya imeshaanza kung'ata. Asubuhi nimechapa nikiwa na glavu nilizozikata ncha za vidole, na chai imepoa kabla sijafika nusu kikombe.

Nafungua shajara hii kwa sababu kazi iliyopita sikuiandikia chochote. Tulihamisha tovuti yetu kutoka Drupal 7 kwenda Drupal 10 dakika za majeruhi (Drupal ni programu ya kuendeshea tovuti, na toleo la 7 lilifika mwisho wa kuhudumiwa tarehe 5 Januari 2025), na sasa kila nikiulizwa kwa nini kitu fulani kimekaa kilivyokaa, nabaki kukuna kichwa.

Tovuti yenyewe ni ya bei za mazao ya Nyanda za Juu Kusini: Mwanjelwa, Uyole, Tukuyu, Makambako, Iringa mjini. Rekodi 38,400, na kila rekodi ni nodi kamili (ndivyo Drupal inavyouita ukurasa mmoja wa maudhui) yenye tarehe yake, soko lake, zao lake na bei yake. Tatizo ni kwamba bei ziliandikwa kama zilivyotajwa sokoni. Huku gunia, kule debe, pengine sado, Tukuyu mkungu. Mtu wa Uyole hawezi kulinganisha debe la Makambako na gunia la Iringa bila kalamu na karatasi.

Kazi niliyopewa: kila rekodi ipate bei ya kilo moja. Mwisho ni Nane Nane, maonyesho ya wakulima ya mwanzoni mwa Agosti, maana tutakuwa na meza kwenye viwanja vya John Mwakangale na mkuu wangu ameshaahidi watu kwamba wataona grafu.

Jumanne, 3 Juni

Jaribio la kwanza, la kivivu. Ukurasa wenye kitufe kimoja. Ukikibonyeza, msimbo unavuta rekodi zote, unazunguka moja baada ya nyingine, unapiga hesabu, unahifadhi.

Kwanza kumbukumbu ikaisha. PHP, lugha inayoendesha Drupal, kwa kawaida hupewa megabaiti 128, na nodi elfu thelathini na kitu haziingii humo hata ukizisukuma kwa mguu. Nikaongeza kikomo. Ikaenda mbele kidogo, kisha ukurasa mweupe wenye namba 504.

Hapa nilipoteza saa nzima nikihangaika na kitu ambacho hakikuwa tatizo. Nilijua PHP inakata kazi ya ukurasa baada ya sekunde 30, nikaongeza hadi 300, bado ikafa ileile dakika moja. Kumbe mambo ni mawili tofauti. Kwenye Linux saa ya PHP inahesabu muda ambao msimbo wenyewe unafanya kazi. Muda wa kungoja databezi ijibu hauhesabiwi. Kwa hiyo zile sekunde 30 hazikuwa zimefika kabisa. Aliyechoka kungoja alikuwa nginx, programu ya seva inayopokea maombi ya vivinjari, aliyesimama mlangoni: yeye, usipomwambia vinginevyo, akikaa sekunde 60 bila kusikia neno kutoka kwa PHP anafunga mlango na kumwambia mteja 504. PHP huko nyuma inaweza kuwa bado inachapa kazi na hakuna anayemsikia.

Ningeweza kumwambia nginx angoje saa mbili. Nimekataa. Ukurasa wa wavuti haukuumbwa kungojwa saa mbili.

Alhamisi, 5 Juni

Nimeandika upya kwa bechi, ule utaratibu wa Drupal wa kugawa kazi mafungu. Kijana wetu wa mafunzo, Mhehe wa Iringa, aliniuliza unafanyaje kazi, nikamwonyesha mama wa nyanya pale nje. Hauzi tenga zima kwa mpigo. Anapanga mafungu, anauza fungu, anapanga lingine. Bechi ni hivyohivyo: unaandika kazi inayoshika rekodi chache, na Drupal inaiita kazi hiyo tena na tena. Katika kila safari inafanya kazi kama sekunde moja hivi, kisha inarudisha jibu kwa kivinjari, kivinjari kinasogeza ule mstari wa asilimia, halafu kinaomba safari nyingine. Hakuna safari inayofika sekunde 60, kwa hiyo nginx hana la kusema.

Katikati ya safari na safari kuna kimfuko cha kutunza mambo: umefika rekodi gani, umefanya ngapi, jumla ni ngapi. Mwisho wa kila safari unamwambia Drupal umefika wapi kwa namba kati ya 0 na 1. Ukisema 1, amemaliza.

Jambo moja sikulipa uzito siku hii, nalo ndilo lililoniumiza kesho yake: anayesukuma toroli ni kivinjari. Kivinjari kikilala, toroli linasimama palepale.

Ijumaa, 6 Juni

Bakapu ya databezi nimechukua saa kumi jioni. (Mtu ambaye ningemnunulia soda leo ni mimi wa saa kumi jioni.)

Saa tatu usiku nikabonyeza kitufe kwenye tovuti yenyewe. Kasi ilikuwa kama rekodi saba kwa sekunde, yaani saa moja na nusu kwa zote. Nikawa napasha ugali, mstari ukifika asilimia 31, umeme ukakatika mtaa mzima. Kompyuta ina betri, lakini kiruta hakina. Kivinjari kikakosa mtandao, kikaandika kosa, basi.

Umeme ulirudi karibu saa sita. Usingizi ulikuwa umeshika. Nikabonyeza kitufe tena, nikaiacha kompyuta wazi mezani, nikalala.

Jumamosi, 7 Juni

Nimeamshwa na simu ya mama anayetukusanyia bei Mwanjelwa. Anatufanyia kazi hiyo tangu tovuti ikiwa daftari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, umeamkaje? Hebu nielekeze, hivyo viazi vya shilingi sita kilo vinauzwa wapi, nije na Fuso?"

Nilifungua tovuti nikiwa bado kitandani. Viazi vya gunia la shilingi 60,000 vilitakiwa viwe 600 kwa kilo. Vilikuwa 6. Mahindi, maharage, vitunguu, vyote vya miaka ya mwanzo vimekatwa mara mbili.

Sababu inaaibisha kwa urahisi wake. Msimbo wangu ulichukua bei ya gunia, ukagawanya kwa 100, ukaandika jibu kwenye kisanduku kilekile cha bei. Asilimia 31 za kwanza, karibu rekodi elfu kumi na mbili, zilishagawanywa kabla umeme haujakatika. Kitufe cha pili kilianza upya tangu mwanzo, na hakikuwa na njia ya kujua kwamba 600 si bei ya gunia tena. Kikagawanya.

Nimerudisha bakapu. Tumepoteza bei za Ijumaa jioni peke yake, na mama amezisoma upya kutoka kwenye daftari lake, taratibu, kila bei akiimalizia na "umeandika?"

Kanuni nimeibandika ukutani kwa karatasi: bei ya asili haiguswi. Bei ya kilo ina kisanduku chake, na inakokotolewa kutoka kwenye ya asili. Hata ukiendesha kazi mara kumi, mara ya kumi inatoa jibu lile la kwanza. Na chini yake nimeandika kwa herufi kubwa: kazi ndefu iandikwe ikijua itakufa njiani. Kijana amesoma, akasema, "Kaka, hiyo ni ya kwenye kanga." Kweli, ingekaa vizuri kwenye kanga.

Jumatatu, 9 Juni

Nafanyia kazi nakala pembeni sasa, seva ya majaribio yenye rekodi 400 tu. Wazo jipya: chukua tu rekodi ambazo kisanduku cha kilo kiko tupu. Hivyo hata nikianza upya, zilizokwisha hazirudiwi. Mafungu ya hamsini hamsini.

Imekimbia. Asilimia 100, ujumbe wa kijani. Nikahesabu: 200 zimefanyika, 200 hazijaguswa kabisa.

Mara ya pili, 100 zimefanyika, 100 zimebaki. Kila nikiendesha inafanya nusu ya iliyobaki, kama mtu anayekula keki kwa adabu.

Nimekaa nayo mpaka saa saba mchana. Jawabu nililipata kwenye foleni ya chakula. Fikiria watu 400 wamepanga foleni. Unahudumia 50 wa mwanzo, wanaondoka. Aliyekuwa wa 51 sasa ni wa kwanza. Wewe umeshika daftari linalosema "nimeshahudumia 50, naanzia wa 51," unawaruka hamsini waliosogea mbele. Safari inayofuata unaruka mia. Ukifika umeruka 200, foleni nayo imebaki na watu 200, unatazama baada ya hapo hakuna mtu, unasema nimemaliza.

Ndivyo nilivyofanya: nachuja zilizo tupu, huku naruka kwa kuhesabu. Viwili hivyo havikai chungu kimoja. Sasa siruki tena. Nakumbuka namba ya nodi ya mwisho niliyoshika, na safari inayofuata naomba zenye namba kubwa kuliko hiyo, kwa mpangilio. Faida ya ziada: databezi haichoki. Ukimwambia MySQL aruke rekodi elfu thelathini, huzipita zote kabla ya kukupa hamsini unazotaka, ilhali kwa namba ya nodi anakwenda moja kwa moja.

400 kati ya 400. Ujumbe ule wa kijani siuamini tena. Mwisho wa kazi nahesabu mwenyewe.

Jumatano, 11 Juni

Nimeachana na kivinjari. Bechi ileile naiita kutoka kwenye terminali ya seva kwa Drush, chombo cha kuiamuru Drupal kwa maandishi. Huko PHP haina kikomo cha muda, nginx hayupo njiani, na Drush ikiona kumbukumbu inakaribia kujaa inaanzisha mchakato mpya na kuendelea na kazi. Naiendesha ndani ya tmux, ili umeme wa Mbeya ukikatika kikao kiendelee kuishi kwenye seva iliyoko ng'ambo. Nikirudi hewani najiunga nacho, nakuta mistari inashuka kana kwamba sikuondoka.

Kumbukumbu lakini ilikuwa inapanda bila sababu niliyoiona. Drupal ikifungua nodi huiweka mkononi, isije ikaombwa tena. Kwa ukurasa mmoja hiyo ni akili, kwa nodi elfu thelathini ni mtu anayenunua sokoni bila kikapu, anajaza mikono tu. Baada ya kila fungu sasa nafuta kashe ya nodi. Mstari wa kumbukumbu umelala.

Saa tisa alasiri, aibu ya pili. Nakala yangu ya majaribio ilikuwa na namba za simu za kweli za wakulima waliojiandikisha kupata bei mpya. Na nodi ikihifadhiwa, moduli yetu ya ujumbe hudhani ni bei mpya. Watu 14 walipata meseji za bei za 2012 kabla sijazima. Mmoja wa Iringa amejibu: "Kamwene. Kwa bei hii nachukua tani tano."

Nimemjibu kwa kuomba radhi. Namba zote nimezifuta kwenye nakala, jambo ambalo lilitakiwa kuwa la kwanza kabisa. Na ndani ya kazi, kabla ya kuhifadhi, naiwekea nodi alama kwamba huku ni kusawazisha tu, si habari mpya. Moduli ya ujumbe nimeifundisha ikiona alama hiyo inyamaze. Tarehe ya mabadiliko nayo siigusi, la sivyo ukurasa wa mbele ungejaa maharage ya miaka kumi na tatu iliyopita.

Jumatatu, 16 Juni

Siku ya lumbesa.

Mama wa Mwanjelwa amekuja ofisini, amekaa karibu na jiko la mkaa, amevaa sweta mbili. Nilimwita kwa sababu hesabu inakwenda lakini majibu hayaingii akilini. Viazi vya Uyole, wiki moja, soko moja, kilo moja shilingi 480 hapa na shilingi 700 pale. Nilidhani nimekosea tena kugawanya.

"Hujakosea," akasema. "Umegawanya kwa mia. Nani amekwambia gunia la viazi ni kilo mia?"

Mahindi, ndiyo, gunia ni mia na watu wanapima. Viazi ni lumbesa: gunia linajazwa mpaka mdomoni, linaongezwa kilemba juu, linashonwa kwa kamba. Sheria ya vipimo hailitaki, ila shambani mwenye gari ndiye mwenye sauti. Nikamuuliza lumbesa moja ni kilo ngapi. Akanitazama kama mtu aliyeuliza bahari ina ndoo ngapi. "Mara mia na ishirini, mara mia na arobaini. Inategemea nani kalishona na mkulima ana shida gani siku hiyo."

Kwa hiyo lile gunia la 700 na lile la 480 huenda ni viazi vya bei moja kabisa. Tofauti ni kilemba.

Tumepitia rekodi pamoja mpaka giza likaingia. Kwenye kisanduku cha maelezo watu waliandika "lumbesa", "lumbeza", "gunia kubwa", "gunia la rumbesa", "limejaa". Kijana ameziandika zote kwenye orodha. Debe la mahindi tumekubaliana sita kwa gunia. Mkungu wa ndizi hauna kilo na hautapewa kilo; kisanduku kitabaki tupu na tovuti itaonyesha bei ya mkungu kama ilivyo. Mafungu ya nyanya vilevile.

Kiufundi hii imebadilisha umbo la kazi nzima. Nilikuwa na majibu mawili, imefanyika na haijafanyika. Sasa yako matatu: imekokotolewa, haikokotoleki, na mtu aamue. Hili la tatu lina alama yake kwenye nodi, na ukurasa wake ambao mama ataupitia kwa simu yake. Bila alama hizo, kila kazi ikianza upya ingezikuta rekodi hizi "tupu" na kuzishika tena milele.

Akiwa anaondoka akasema: "Miaka yote mlikuwa mnaniuliza bei. Leo ndiyo mmeniuliza uzito."

Alhamisi, 19 Juni

Nimehamisha kazi kutoka bechi kwenda foleni. Bechi ilikuwa inatosha kwa kazi ya mara moja, lakini bei mpya zinaingia kila siku na nazo zinahitaji kukokotolewa, sitaki kukaa mlangoni kila jioni. Msimbo mmoja unapanga namba za nodi kwenye foleni, hamsini kwa kipande, jumla vipande 768. Mfanyakazi (programu, si mtu) anachukua kipande kwa mkopo wa muda. Akimaliza anakifuta, akifa njiani muda unaisha na kipande kinarudi kwenye foleni, kingoje kroni, yaani kazi inayojiendesha yenyewe kwa ratiba, ipite.

Kijana ameuliza kwa nini nisiweke rekodi moja kwa kipande. Inawezekana, lakini kila kipande kina gharama yake ya kuandikwa na kufutwa. Hamsini inachukua kama sekunde saba, na ikifa katikati nimepoteza sekunde saba.

Ijumaa, 20 Juni

Mtihani. Nimempa kijana terminali nikamwambia: iue wakati wowote unaotaka, usiniambie. Ameua mara tatu kwenye nakala kamili, mara ya tatu akiwa anacheka. Kila mara tulianza tena, na mwisho hesabu ikawa ileile. Nilichagua rekodi ishirini za gunia la mahindi nikazikokotoa kwa kalamu, zote sawa.

Bakapu saa kumi jioni. Namba za simu salama. Saa tatu na robo usiku nimeianzisha kwenye tovuti yenyewe, ndani ya tmux, nikafunga kompyuta kwa makusudi nikaenda kula. Roho haikutulia, nimechungulia kwa simu mara mbili. Vipande 412 vimebaki. Kisha 95.

Saa tano kasoro kumi foleni ilikuwa tupu.

Jumamosi, 21 Juni

Hesabu, niliyoihesabu mwenyewe:

Zilizokokotolewa 34,906. Zisizokokotoleka, mikungu na mafungu, 1,177. Za kuamuliwa na mtu 2,317, karibu zote viazi. Jumla 38,400, hakuna iliyopotea na hakuna iliyogawanywa mara mbili.

Nilimpigia mama kabla hajanipigia. Aliangalia kwanza viazi vya Uyole vya mwaka ule wa shilingi sita, akakuta alama ya njano badala ya bei. "Hapa mmeniachia mimi," akasema, na sauti yake haikuwa ya kulalamika.

Jumatatu, 23 Juni

Ameanza. Njia yake hakuna msimbo ungeibuni: anatazama mwezi, soko na bei, anakumbuka kama mwaka ule viazi vilikuwa vingi ("vikiwa vingi, lumbesa inapanda, mnunuzi anachagua"), kisha anaweka 120 au 140, au anaacha tupu. Akishahifadhi, nodi inaingia foleni na kroni inaikokotoa ndani ya robo saa. Makadirio yake tumeyawekea alama, msomaji ajue kwamba uzito huo haukupimwa.

Leo amefanya 60. Kwa mwendo huo ni siku 39 za kazi. Tukipumzika Jumapili tunafika tarehe 6 Agosti, siku mbili kabla ya kilele cha Nane Nane. Ameomba bando la wiki na miwani mpya. Bando nimeshamtumia, miwani nimempelekea mkuu wangu ombi.